Saa mbili za mwanzo: barua ya wazi kuhusu utafiti wa lehemu, kisukari na moyo Unguja na Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya Zanzibar, Katibu Mkuu, uongozi wa Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, kamati ya maadili ya utafiti, na wakuu wa hospitali na maabara za Unguja na Pemba.

Assalaam alaykum.

Maombi ya utafiti wa lehemu (kolesteroli), kisukari na maradhi ya moyo yana sura moja. Kurasa nyingi za nadharia, kurasa nyingi za bajeti, halafu mstari mmoja kuhusu damu: "Sampuli zitachukuliwa na kuhifadhiwa kwa kufuata utaratibu." Barua hii inahusu mstari huo. Tunaomba mradi wowote wa aina hii usipewe ruhusa mpaka mstari huo ugeuke kurasa mbili zenye dakika, joto, aina ya chupa na jina la cheo cha atakayewajibika. Na fedha za mwanzo za mradi ziende kwenye saa mbili zinazofuata baada ya sindano kutoka mkononi, kabla ya kwenda kwenye mashine mpya.

Tuseme sayansi yenyewe kwa ufupi, maana ndiyo inayofanya damu hii iwe ngumu kuishika. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo husafiri kwenye damu ndani ya vifurushi vilivyofungwa kwa protini. Vifurushi vya LDL, vile vinavyobeba lehemu nyingi, hupenya ukuta wa ateri, vikanasa humo na kuoksidika. Chembe za kinga huja kuvila, zikashiba lehemu mpaka zikageuka kama povu, na fuwele za lehemu zikaamsha ndani yake kengele inayotoa intalukini-1, kisha intalukini-6, protini ambazo chembe za kinga hupeana nazo habari. Ini likipata habari ya intalukini-6 hutoa protini ya CRP. Huo ndio mwako wa kinga, inflamesheni, usioonekana kwa macho wala kuuma. Upande wa pili, mafuta yaliyojaa tumboni na kwenye ini huifanya insulini isitiiwe, ini likaendelea kumwaga sukari na trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida ya damu, hata mwenyewe akiwa na njaa. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huuawa na moyo na mishipa mara nyingi kuliko na sukari yenyewe.

Sasa, sukari, insulini na intalukini haziachi kubadilika damu inapoingia kwenye chupa. Chembe zilizomo hazina habari kwamba zimeshatoka mwilini. Zinaendelea kula, kutoa na kuvunja.

Tuanze na sukari, kwa sababu hapo hasara huhesabika. Chembe za damu ndani ya chupa hula glukosi kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la kawaida la chumba. Chumba cha kituo cha afya mwezi wa Februari, jua la kaskazi limekaza na feni imesimama, hakimo katika "joto la kawaida" la vitabuni. Lakini tuchukue hesabu hiyo hiyo ya vitabuni. Mtu ana sukari ya 7.4 mmol/L akiwa hajala kitu tangu usiku. Mpaka wa kisukari ni 7.0, kwa hiyo kwa kipimo hiki ameshauvuka. Damu yake ikikaa saa mbili kabla ya kutenganishwa, mashine itasoma baina ya 6.4 na 6.7. Ataandikwa "sukari imepanda kidogo" na kurudishwa nyumbani. Mashine haikukosea, mtaalamu wa maabara hakukosea, vitendanishi vilikuwa vizima. Kilichokosa ni saa mbili zile mezani.

Wengi wanadhani chupa yenye kizibo cha kijivu, ile yenye floridi, imeshalimaliza tatizo. Haijalimaliza. Floridi huzuia kimeng'enya cha enolasi, ambacho kiko mwishoni mwa njia ya kuvunja glukosi. Vimeng'enya vya mwanzo wa njia huendelea na kazi yao kwa saa moja hadi mbili, na hasara kubwa ni ya muda huo huo. Baada ya hapo floridi huhifadhi vizuri sana kile kilichobaki. Njia za kuaminika ni mbili. Ya kwanza ni chupa yenye floridi pamoja na sitrati, ambayo huipa damu uchachu na kuvisimamisha vimeng'enya vya mwanzo papo hapo. Hii lazima igeuzwe juu chini mara 10 polepole, maana unga wake usipoyeyuka hakuna kilichofanyika. Ya pili ni kuichomeka chupa ndani ya mchanganyiko wa barafu na maji mara tu damu ikitoka, kisha kuizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha damu kwa kuizungusha kwa kasi, ndani ya dakika 30. Tunasema barafu na maji kwa makusudi. Vipande vya barafu bila maji huigusa chupa hapa na pale, upande mmoja ukagandisha na kupasua chembe, upande wa pili ukabaki na joto.

Ile mashine ndogo ya kutoboa kidole inafaa kumfuatilia mgonjwa, lakini si ya kumtia mtu katika kundi la utafiti. Kiwango cha kimataifa kinairuhusu ipotoke kwa asilimia 15 juu au chini, kwa hiyo 7.0 yake inaweza kuwa chini kidogo ya 6.1 au juu ya 8.0. Na vijiti vyake vikikaa kwenye gari lililoegeshwa juani, hata hiyo asilimia 15 haina mdhamini.

Kwa wanaopima kwa kunywesha glukosi kuna mtego mwingine, wa mizani. Kipimo cha mtu mzima ni gramu 75 za glukosi kavu isiyo na maji ndani yake, ndani ya mililita 250 hadi 300 za maji, zinywewe kwa muda wa dakika 5, na damu ya pili itoke saa mbili baada ya funda la kwanza. Unga mwingi wa glukosi unaouzwa madukani umeshikana na molekuli ya maji. Huo lazima upimwe gramu 82.5. Mkipima 75, mgonjwa amekunywa gramu 68 tu, na ule mpaka wa kisukari wa 11.1 mmol/L wa saa ya pili haumhusu tena.

Tukija kwenye HbA1c, ile sukari ya miezi mitatu, hapa ndipo miradi inayokuja na fomu zilizoandikwa Ulaya huteleza zaidi visiwani kwetu. Kipimo hiki kinahesabu sukari iliyogandia kwenye himoglobini, na kinadhania kwamba chembe nyekundu huishi karibu siku 120 kwa kila mtu. Pwani ya Afrika Mashariki dhana hiyo haisimami kwa wote. Watu wengi hubeba vinasaba vya sikoseli bila kuumwa, na wengine wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 juu ya Wamarekani wenye asili ya Afrika ulionesha kwamba wanaume wenye kinasaba cha upungufu wa G6PD walisoma HbA1c chini kwa takriban pointi 0.8 za asilimia, na mwingine wa mwaka huo huo ukaonesha kwamba wenye kinasaba kimoja cha sikoseli walisoma chini kwa karibu 0.3 kuliko wenzao wenye sukari sawa nao. Mpaka wa kisukari kwa HbA1c ni asilimia 6.5. Mtu wa 6.5 akasoma 5.7 hata hashughulishi mtu. Upungufu wa madini ya chuma huvuta upande wa pili: huipandisha HbA1c. Mama mwenye upungufu wa damu anaweza kuambiwa yuko mpakani mwa kisukari ilhali hayuko.

Kuna tafauti ya kuangalia hapa, na wauzaji wa mashine huichanganya. Mashine yenye njia nzuri inaweza kuikwepa himoglobini S, ile ya sikoseli, isiharibu usomaji. Hakuna mashine inayoweza kukwepa chembe iliyokufa mapema, kwa sababu sukari haikupata muda wa kugandia. Kwa hiyo msiridhike na maelezo kwamba mashine "haiathiriwi na sikoseli". Takeni HbA1c isiwe kipimo cha pekee. Iambatane na glukosi ya njaa iliyoshikwa kama tulivyoeleza, wingi wa damu, na kipimo cha sikoseli. Na kwa kundi dogo ndani ya utafiti, fruktosamini, inayoonesha sukari ya wiki mbili hadi tatu na haihusiani na umri wa chembe nyekundu. Mwenye sikoseli kamili asipimwe HbA1c kabisa.

Mwako nao una masharti yake. CRP ya kipimo kinachonasa hata kiasi kidogo sana (hs-CRP) husomwa hivi kwa hatari ya moyo: chini ya 1 mg/L ni ndogo, 1 hadi 3 ya kati, zaidi ya 3 kubwa. Lakini CRP haijui tafauti ya ateri na jino bovu. Mafua, kidonda cha mguu, jipu, homa ya juzi, vyote huipandisha, na ikizidi 10 jibu hilo lisihesabiwe kuwa la moyo: mtu arudi baada ya wiki mbili akiwa mzima. Dodoso liulize homa, kikohozi, meno, vidonda na chanjo katika siku 14 zilizopita. Swali moja la "unaumwa?" halitoshi, maana kwetu mtu mwenye kidonda cha mguu cha miezi minne atakujibu, "Alhamdulillah, mzima."

Halafu kuna minyoo na kichocho, jambo ambalo Pemba ina la kuifundisha dunia. Minyoo huituliza kinga ya mwenye nayo ili isifukuzwe, na utulivu huo unaonekana kugusa hata insulini. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kwamba waliokuwa na minyoo na wakapewa dawa ya minyoo ya albendazole, ukaidi wa miili yao kwa insulini uliongezeka. Hakuna anayesema watu waachiwe minyoo. Tunachosema ni kwamba Zanzibar imekuwa ikigawa dawa za minyoo na kichocho maskulini na mitaani kwa miaka mingi, na mradi unaopima insulini na CRP bila kuandika tarehe ya dawa ya mwisho, bila kupima choo na mkojo, utachanganya mambo mawili na kuyaita moja.

Uwezo upo. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, pale Wawi, Chake Chake, ilifunguliwa mwaka 2000. Majaribio ya madini ya chuma na foliki kwa watoto wa Pemba, yaliyochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha zaidi ya watoto 24,000, yalionesha kwamba kumpa kila mtoto chuma palipo na malaria nyingi kunaweza kumdhuru, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Kisiwa kilichoweza kazi hiyo kinaweza kushika chupa ya sukari kwa dakika 30.

Lehemu yenyewe ni stahamilivu zaidi, kwa hiyo hapa tutapita upesi, isipokuwa mambo matatu.

La kwanza ni mkao. Mtu aliyesimama kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, akaitwa na kutobolewa hapo hapo, damu yake imejikamua maji kwenda miguuni. Baina ya kusimama na kulala lehemu hutafautiana kwa karibu asilimia 10. Akae kitini dakika 10 hadi 15 kabla, na mpira wa kubania mkono usizidi dakika moja.

La pili ni hesabu. Maabara nyingi hazipimi LDL. Huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: lehemu yote, toa HDL (lehemu ya vifurushi vinavyoirudisha kwenye ini), toa trigliseridi iliyogawanywa. Kama vipimo viko kwa mg/dL, gawanya kwa 5. Kama viko kwa mmol/L, gawanya kwa 2.2. Mtu mwenye lehemu 5.8, HDL 1.2 na trigliseridi 2.2, zote kwa mmol/L, ana LDL 3.6. Lahajedwali iliyonakiliwa kutoka mradi wa Kimarekani, inayogawa kwa 5, itampa 4.16. Hiyo ni tafauti ya kutosha kumfanya mtu aanzishiwe dawa au asianzishiwe, na hakuna atakayeiona kwa sababu namba inaonekana ya kawaida. Trigliseridi ikizidi 4.5 mmol/L kanuni hii isitumike kabisa. Wagonjwa wa kisukari ndio wenye trigliseridi za juu, yaani kanuni inawaangusha wale wale tunaowatafuta. Takeni kila ripoti itoe pia lehemu isiyo ya HDL, ambayo ni lehemu yote toa HDL na haigharimu hata senti. Na fedha zikiwepo, ApoB, inayohesabu vifurushi vyenyewe. Lipoprotini(a), kifurushi kinachofanana na LDL, ipimwe mara moja kwa kila mshiriki. Ni ya kurithi, haibadiliki sana kwa chakula, na kwa watu wenye asili ya Afrika huwa juu kuliko kwa Wazungu.

La tatu ni njaa, na hasa Ramadhani. Fomu inauliza: "Umefunga?" Mwezi mtukufu kila mtu atajibu ndiyo, na atakuwa mkweli. Lakini aliyekula daku saa kumi alfajiri, wali wa jana na chai ya maziwa, akatobolewa saa tatu asubuhi, ana saa tano tu tangu ale. Trigliseridi yake bado ni ya daku. Mtu huyo huyo akija saa nane mchana ana saa kumi, na hiyo ndiyo njaa ya kitabibu. Kwa hiyo fomu iandike saa ya tonge la mwisho, na kliniki za utafiti mwezi huo zihamie mchana, tena mapema, kabla ya watu kukaukiwa maji mno na damu kuwa nzito. Kama suala la kutoa damu huku mtu amefunga linawatia watu wasiwasi, Ofisi ya Mufti iulizwe mapema na jibu lake lisomwe misikitini kabla ya mradi kuanza. Si sheha aachiwe kujibizana na watu barazani. Nje ya Ramadhani, kwa lehemu pekee, njaa si lazima: tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wamekubali damu ya mtu aliyekula, kwani trigliseridi hupanda kwa wastani wa 0.3 mmol/L tu na LDL hushuka kwa 0.2. Trigliseridi ikizidi 5, arudiwe akiwa na njaa.

Turudi maabara, kwenye sentrifuji. Karatasi za ukutani huandika "zungusha 3000 kwa dakika 10". Elfu tatu za nini? Mizunguko 3000 kwa dakika kwenye mashine yenye mkono wa sentimita 10 inatoa nguvu ya karibu g 1,000, yaani mara 1,000 ya mvutano wa ardhi. Mizunguko hiyo hiyo kwenye mkono wa sentimita 16 inatoa g 1,600. Chupa nyingi zenye jeli, ile inayotenga chembe na seramu (maji ya damu iliyoganda), zinataka g 1,300 hadi 2,000. Kwenye mashine ndogo jeli haitapanda vizuri, chembe zitabaki zimegusana na seramu, na sukari itaendelea kuliwa huku kila mtu akiamini kazi imekwisha. Pimeni kwa rula kutoka katikati ya mhimili mpaka kitako cha chupa, zidisheni sentimita hizo kwa mizunguko, kwa mizunguko tena, kisha kwa 0.00001118. Jibu liandikwe kwa g na libandikwe kwenye kifuniko cha kila mashine.

Chupa ya seramu isimame wima dakika 30 igande kwanza. Ikizungushwa mbichi hutoa nyuzi za fibrini, zikaziba sindano ya mashine ya kupimia, na jibu likatoka dogo bila onyo lolote. Ikiwa jeli haikukaa sawa, chupa isizungushwe mara ya pili; seramu iliyokwama chini ya jeli itachanganyika na ya juu. Damu kwa ajili ya insulini isipasuke chembe hata kidogo, kwa sababu ndani ya chembe nyekundu mna kimeng'enya kinachoila insulini: seramu ya rangi ya juisi ya rosela itatoa insulini ndogo, na mgonjwa ataonekana mwili wake unaitii insulini vizuri. Kwa intalukini-6 msitumie seramu. Damu inapoganda, chembe zinaendelea kuitoa. Tumieni chupa ya zambarau, yenye EDTA, kemikali inayozuia damu isigande, itenganishwe haraka.

Baada ya hapo, gawanyeni kwenye vichupa vya nusu mililita ili kila kimoja kiyeyuke mara moja tu maishani mwake. Lebo ziwe za kustahamili baridi na spiriti, na ziwe na namba ya mshiriki pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Majina matatu hayatoshi. Akina Khamis Juma na akina Fatma Ali wapo kila shehia, na baba zao wana majina yale yale.

Friza ya nyumbani ile isiyoota barafu haifai. Haioti barafu kwa sababu inajipasha joto yenyewe kila siku. Inatakiwa ya nyuzi −80 za Selsiasi, ndani ya chumba chenye kiyoyozi (inatoa joto jingi, na chumba kikiwa tanuri injini yake hufa), yenye kengele inayompigia mtu simu usiku, na jenereta inayowashwa kwa mzigo wake kamili kila wiki, si ile ya kuwashwa mgeni akija. Hatuna haja ya kumkumbusha mtu wa Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa baharini ulipokufa na mji ukakaa gizani miezi mitatu. Pemba yenyewe ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Mpango wa mradi ueleze sampuli zitakwenda wapi siku umeme utakapokatika zaidi ya saa nne, kwa gari gani, na nani ana ufunguo. Tumeona pia aina ya karatasi za joto zenye −80 asubuhi na −80 jioni, miezi mitatu mfululizo, wino mmoja, mwandiko mmoja. Karatasi hiyo imesoma kalamu, haikusoma friza. Takeni kinasa joto cha elektroniki.

Na damu ya Pemba itenganishwe Pemba. Isipande boti nzima kutoka Mkoani ikatenganishwe Unguja jioni.

Kuhusu chakula tuna neno moja tu refu. Madodoso ya kigeni yanauliza "vikombe vingapi vya tui la nazi kwa wiki". Tui lipi? Kasimile na tui la pili ni vitu viwili, na nyumba moja hupikia mchuzi kwa kasimile na wali kwa tui jepesi. Asilimia 90 hivi ya mafuta ya nazi ni ya aina iliyoshiba (saturated), ile inayopandisha LDL. Uchambuzi wa majaribio 16 uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta mafuta ya nazi, yakilinganishwa na mafuta ya mimea mingine yasiyo ya kitropiki, yanapandisha LDL kwa karibu 0.27 mmol/L, na HDL nayo kwa karibu 0.1. Kwa hiyo swali lina maana, lakini liulizwe kwa nazi: nazi ngapi zilikunwa, machicha yalikamuliwa mara ngapi, watu wangapi walikula. Na sinia? Usimuulize mtu alikula "sahani ngapi". Pimeni sinia kwa mizani kabla halijatengwa, kila mlaji ajue mahali pake, kwani adabu yetu yenyewe inamtaka ale mbele yake, kisha pimeni kilichobaki mbele ya mshiriki peke yake. Inafanya kazi, na hakuna anayelazimika kula kwa kujitenga.

Upande wa dawa, tunaomba hadhari na miradi itakayokuja na ahadi za kutibu mwako. Swali ni halali. Mwaka 2017 majaribio ya CANTOS, watu 10,061, yalithibitisha kwamba kuzuia intalukini-1 kwa canakinumab kunapunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo na mishipa, vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 15 bila kugusa lehemu. Lakini vifo vya maambukizo viliongezeka, na ni dawa ya bei ambayo hospitali zetu hazitaifikia. Methotrexate kwa dozi ndogo haikusaidia. Colchicine miligramu 0.5 kwa siku ilipunguza matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika majaribio ya mwaka 2019 na 31 katika ya mwaka 2020, kisha majaribio makubwa ya mwaka 2024, watu 7,062 waliotoka kushambuliwa na moyo, hayakuona faida. Wakati huo huo, kila mmol/L 1 ya LDL inayoshushwa kwa statini, dawa za kushusha lehemu kama atorvastatin, hupunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 22, na statini ni dawa ya zamani, ya bei rahisi, isiyomilikiwa tena na kampuni moja. Mradi utakaopima intalukini kwenye wilaya ambayo duka la dawa la hospitali halina atorvastatin umegeuza mambo. Iwe sharti: mradi wa lehemu uje na statini ya washiriki wake watakaoihitaji, na mpango wa nani ataendelea kuwapa ukishafungwa.

Majibu nayo yarudi kwa wenyewe. Trigliseridi zaidi ya 10 mmol/L inaweza kuchoma kongosho, kwa hiyo apigiwe simu wiki hiyo hiyo. LDL ya 4.9 au zaidi inatia shaka ya lehemu ya kurithi, ambapo kila mtoto wake ana nusu ya uwezekano wa kuwa nayo. Pale binamu wawili walipooana na wote wanayo, mtoto anaweza kuirithi pande mbili na kupata moyo wa mzee akiwa bado yuko skuli. Familia hizo waitwe, wapimwe, wasisomewe hotuba. Na vichupa vikienda nje kupimwa, nusu ya kila sampuli ibaki hapa kwa maandishi.

Tunaomba jambo la kuanzia ambalo halihitaji mfadhili. Chagueni hospitali moja Unguja na moja Pemba. Watu 30 kila upande, mkono mmoja, sindano moja, chupa mbili za kijivu. Moja iende kwenye maji ya barafu na kuzungushwa ndani ya dakika 30. Ya pili iachwe ifuate njia yake ya kila siku, bila kuharakishwa kwa sababu kuna wageni, huku saa ya kila hatua ikiandikwa. Zipimwe glukosi kwenye mashine moja, mzunguko mmoja. Itachukua wiki. Wastani wa tafauti, na idadi ya watu waliokuwa juu ya 7.0 kwenye chupa ya kwanza wakashuka chini yake kwenye ya pili, iletwe kwenye kikao cha kamati ya maadili kitakachofuata, kabla ya ombi jingine la utafiti wa kisukari kufunguliwa.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi watumishi wa maabara na utafiti,
Unguja na Pemba